Kompyuta Iliyovuliwa Ubavu

Kesi ya kompyuta ya mezani, ile ambayo watu wengi huiita "sipiyu" ingawa prosesa yenyewe ni kipande kidogo tu ndani yake, imeundwa kama njia ya hewa. Hewa huingia mbele, sehemu ya chini, hupita kwenye hadidiski, ramu, kadi ya picha na prosesa, kisha hutokea nyuma, sehemu ya juu. Mkulima wa mpunga wa Mkula au Njage, katika bonde la Kilombero, anaijua kanuni hii bila kusomeshwa. Maji ya mfereji hufika jaruba la mwisho kwa sababu matuta huyazuia yasitawanyike njiani. Tuta likitobolewa huko juu, maji humwagika palepale penye upenyo, na majaruba ya chini hukauka huku mfereji ukiwa umejaa. Bati la ubavuni la kesi lina kazi ya tuta.

Pamoja na hayo, katika steshenari na vibanda vya kuweka nyimbo kwenye fleshi, Ifakara na bonde zima la Kilombero, kompyuta iliyovuliwa ubavu na kuelekezewa feni la kusimama imekuwa jambo la kawaida kiasi kwamba iliyofungwa vizuri huonekana kama haijawahi kufika kwa fundi. Tiba hiyo hupewa mashine inayojizima mchana, hupewa mashine nzito, na hupewa hata ile ambayo ugonjwa wake ni pawasaplai iliyochoka au umeme mdogo, mambo yasiyoponywa kwa kuvua ubavu. Swali linaloambatana nayo halibadiliki: ikiachwa wazi, si itapata hewa zaidi? Haipati. Kwa kuwa swali hilo hurudi kila msimu wa joto, afadhali lijibiwe kwa urefu mara moja.

Feni haitengenezi baridi. Feni husukuma hewa, basi. Mtu aliyekaa chini ya pangaboi huhisi amepoa kwa sababu ana jasho. Hewa inayopita hulikausha, na jasho likikauka huondoka na joto la mwili. Kipimajoto kikavu kikining'inizwa chini ya pangaboi hilohilo hakitashuka hata nyuzi moja. Kompyuta haitoki jasho. Kwake hewa ina kazi moja, kubeba joto kutoka kwenye mapezi ya hitisinki, kile chuma kinachokaa juu ya prosesa, kulipeleka nje, na hewa hiyo haiwezi kuishusha mashine chini ya joto la chumba ilimo. Ifakara iko chini ya mita 300 kutoka usawa wa bahari, Milima ya Udzungwa ikiwa upande mmoja na nyanda za juu za Mahenge upande wa pili. Kabla mvua hazijashika, mchana wa Novemba joto la kivulini hupita nyuzi 30, na chumba cha bati kisicho na dari huwa juu ya hapo. Prosesa iliyokuwa ikifanya kazi kwenye nyuzi 60 katika ofisi ya kiyoyozi yenye nyuzi 25 itakuwa karibu na 70 katika chumba cha nyuzi 35, hata kama feni zake zote ni nzima. Hapo hakuna ugonjwa. Prosesa nyingi za Intel za miaka ya karibuni hazianzi kujipunguza kasi mpaka zikaribie nyuzi 100. Lakini mwenye kompyuta huiona ile 70, hushtuka, na mkono unakwenda kwenye bisibisi.

Hesabu yenyewe ni fupi. Kompyuta ya ofisi inayokula wati 100 hutoa joto la wati 100, kwa sababu karibu umeme wote unaoingia huishia kuwa joto. Feni moja ya milimita 120, ikizunguka mara 1,200 kwa dakika bila kizuizi, huhamisha hewa ya takriban mita za ujazo 80 kwa saa. Matundu finyu ya kesi na waya zilizosongamana zikila nusu ya hewa hiyo, inayobaki bado inatosha kubeba wati 100 na kutoka nje ikiwa imepanda kama nyuzi 8 tu. Anayefunga feni ya pili, kwa bahati nzuri kabisa, atazipunguza nyuzi hizo 8 ziwe 4. Ya tatu na ya nne zitagombania zile 4 zilizosalia, zikipiga kelele usiku kucha. Wanaoamini kwamba feni nyingi ndiyo baridi nyingi wanunue feni moja na wavu wa mbu wa plastiki wa kuchujia vumbi. Watapata faida zaidi.

Ubavu unapovuliwa, feni ya mbele huendelea kuvuta, ila hewa yake humwagika kwenye upenyo kabla haijafika popote. Feni ya nyuma huvuta hewa ya jirani, iliyo hatua moja kutoka ilipo, na kuitupa nje bila kuipitisha kwenye kitu chochote. Prosesa yenye feni yake kichwani huenda ikapoa kidogo, na hiyo ndiyo namba pekee ambayo mtu huitazama kwenye skrini. Vinavyonyimwa hewa ni vile visivyo na feni yao: hadidiski, ramu, na sakiti za pembeni mwa soketi zinazoigawia prosesa umeme. Watengenezaji wengi huiwekea hadidiski ukomo wa nyuzi 60. Kapasita zenye majimaji ndani, kwa kanuni ya siku nyingi ya elektroniki, hupoteza nusu ya umri wake kwa kila nyuzi 10 zinazoongezeka. Vifaa hivi havilalamiki. Hufa kimyakimya baada ya mwaka mmoja au miwili, na lawama huangukia umeme wa TANESCO.

Feni la kusimama huongeza fujo juu ya fujo, kwa kuwa hupuliza kwa kukatisha mkondo wa feni ndogo, na mara nyingine hupuliza kinyume chake kabisa. Kwenye mashine za ofisi zinazoingia kama mtumba, Dell OptiPlex za zamani zikiwamo, hitisinki hufunikwa na handaki la plastiki linaloielekeza hewa ya feni ipite kwenye mapezi. Fundi wa haraka hulitoa handaki hilo akidhani ni urembo, kisha hushangaa joto limepanda, kisha huvua ubavu.

Zipo mashine ambazo kweli hushuka joto zikifunguliwa, mara nyingine kwa nyuzi 10 nzima, na ndizo zinazowapa watu ushahidi. Ushahidi huo unathibitisha jambo tofauti: njia ya hewa ya kesi hiyo imeziba. Kufungua ubavu kwa dakika 10 ni kipimo kizuri. Namba ikishuka sana, kuna mahali pameziba, patafutwe. Kuiacha wazi kwa miezi 10 ni sawa na mgonjwa wa homa kulala na kipimajoto kwapani akingoja kupona.

Na miezi 10 Kilombero ni mingi. Mpunga ukivunwa, mashine za kukoboa hunguruma kutwa, na vumbi la pumba husafiri mitaa kadhaa. Ganda la mpunga lina silika nyingi, madini yaleyale ya mchanga, na hayo ndiyo yanayojipenyeza kwenye mhimili wa feni. Upande wa Kidatu na Mkamba, mashamba ya miwa yanapochomwa kabla ya kukatwa, masizi meusi hudondoka hadi mezani. Hayo yana kaboni, na kaboni yenye unyevu juu ya madabodi si kitu cha kuchekea. Mvua za kwanza huleta kumbikumbi wanaofuata mwanga wa taa ndogo za ndani ya kesi. Mjusi kafiri hufuata kumbikumbi. Fundi anayeinua feni ya prosesa ya mashine iliyokaa wazi msimu mmoja hukuta kati ya feni na mapezi zulia la kijivu, zito kidogo kwa unyevu. Hubanduka kipande kizima likiwa na alama za mapezi upande wa chini kama mkeka uliolaliwa, na chini yake chuma bado kinang'aa kana kwamba kimetoka dukani. Chuma hicho hakikuwa kimeona hewa kwa miezi. Mwenye mashine, wakati huo, alikuwa ameongeza mwendo wa feni la kusimama kutoka namba 1 hadi namba 3.

Imani ndogo zilizobaki hazistahili nafasi kubwa. Dawa ya meno badala ya pesti ya prosesa hufanya kazi mpaka maji yake yakauke, yaani siku chache, kisha hugeuka chokaa inayozuia joto lisipite. Mafuta ya kula kwenye feni inayolia huganda na kuwa gundi. Na ile hoja ya kwamba joto hupanda juu lenyewe, hivyo feni zote zifungwe juu, ni ya kweli na haina uzito: ndani ya kesi ya urefu wa sentimita 40, nguvu ya hewa moto kujiinua ni kama sehemu moja ya mia ya msukumo wa feni ya kawaida.

Kinachosaidia ni kompyuta kufungwa vizuri ndani ya kesi yake, na ufungaji huo ni wa dakika 40 kwa mwenye utulivu. Kwanza miguu ya shaba ya kubebea madabodi: ihesabiwe, ilingane na matundu ya bodi, na wowote uliozidi ung'olewe, kwa kuwa mguu ulio mahali pasipo na tundu hugusa njia za umeme mgongoni mwa bodi na kupiga shoti. Bodi kamili ya ATX ni milimita 305 kwa 244, ndogo yake ni 244 kwa 244, na matundu yake hayafanani yote. Bati la milango ya nyuma liingie kabla ya bodi. Prosesa, hitisinki na ramu zifungwe bodi ikiwa bado mezani. Pesti iwe kiasi cha punje moja ya mchele, kipimo ambacho Ifakara hakihitaji tafsiri, na ibadilishwe kila hitisinki inapoinuliwa. Skrubu nene zenye nyuzi pana ni za pawasaplai, hadidiski na ubavu. Nyembamba zenye nyuzi za karibukaribu ni za diski za SSD na kisomeo cha DVD. Kulazimisha moja mahali pa nyingine ndiko kunakoacha matundu yasiyokaza. Waya za pawasaplai zipitishwe nyuma ya bamba la bodi, au zifungwe pembeni, pasiwe na fungu la waya mbele ya feni ya kuingiza hewa. Kuhusu umeme tuli, mtu aguse chuma cha kesi kabla ya kushika bodi. Katika unyevu wa bonde hili jasho la paji la uso ni hatari kubwa kuliko cheche.

Feni hutupa hewa upande wenye mikono ya plastiki inayoshikilia mota, na huvuta kutoka upande ulio wazi. Mbele ivute, nyuma itoe. Zikiwa tatu, mbili ziwe mbele, ili hewa iingie kupitia kichujio badala ya kunyonywa kwenye kila upenyo. Kipande cha chandarua kikuukuu mbele ya feni huzuia pumba na wadudu, ila vumbi laini hupita, na kikisahaulika bila kufuliwa kitaziba vibaya kuliko vumbi lenyewe. Feni ya prosesa ichomekwe penye maandishi ya CPU_FAN, vinginevyo mashine nyingi hugoma kuwaka au hutoa onyo. Feni ya pini 4 huendeshwa kwa mapigo ya PWM, ya pini 3 kwa kupunguza volti. Aina hiyo ichaguliwe kwenye BIOS, maana ikikosewa feni huenda kasi yote muda wote. Humohumo upangwe mwendo wa feni unaoifaa Ifakara, tofauti na ule wa kiwandani: kasi ya chini hadi nyuzi 60, ipande taratibu, ifike mwisho kwenye 85. Usafishaji ni kila miezi mitatu, na kila mwezi wakati wa kukoboa, kwa brashi laini au blowa, mapanga ya feni yakiwa yameshikwa kwa kidole yasizunguke kupita kasi yake. Feni inayolia itiwe tone moja la mafuta ya cherehani chini ya stika. Ikilia tena, inunuliwe nyingine.

Mwisho wa kazi, ubavu ukiwa umefungwa na mashine inafanya kazi, koili ya mbu iwashwe na kusogezwa mbele ya kesi. Moshi unapaswa kunyonywa chini mbele na kutoka nyuma juu. Ukizunguka na kurudi mbele, kesi imebanwa ukutani, isogezwe walau sentimita 15. Ukisimama hauendi popote, feni moja imefungwa kinyume.