Istilahi, Adabu na Haki: Kuwataja Wanandoa wa Jinsia Moja katika Muktadha wa Sheria ya Afrika Kusini

1.0 Utangulizi

Makala haya yanafafanua uhusiano kati ya adabu ya kuwataja wanandoa wa jinsia moja na haki zao kisheria, kwa kurejelea Afrika Kusini. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971 inaitambua ndoa kuwa muungano wa mwanamume na mwanamke. Hivyo, istilahi za Kiswahili za ndoa zimejengwa juu ya msingi huo. Mfasiri au mkalimani anayeshughulikia nyaraka za Afrika Kusini hukabiliwa na uhalisia tofauti.

2.0 Jina la Uhusiano Kisheria

Tarehe 1 Desemba 2005, katika shauri la Fourie, Mahakama ya Katiba iliamua kwamba kuwanyima wenzi wa jinsia moja fursa ya kufunga ndoa kunakiuka haki ya usawa, ikalipa Bunge miezi 12 kurekebisha kasoro hiyo. Ndipo ikatungwa Sheria ya Muungano wa Kiraia Na. 17 ya 2006, iliyoanza kutumika tarehe 30 Novemba 2006. Kifungu cha 11 kinamtaka mfungishaji awaulize wahusika iwapo muungano wao ujulikane kuwa ndoa au ushirika wa kiraia. Kwa hiyo, jina ni chaguo lao, si la msimuliaji. Aidha, kwa mujibu wa kifungu cha 13, sheria nyingine zinapotaja mume, mke au mwenzi, humjumuisha pia aliyefunga muungano huo, isipokuwa Sheria ya Ndoa ya 1961 na ile ya ndoa za kimila.

Utekelezaji haukukosa vikwazo. Kifungu cha 6 kilimruhusu ofisa wa serikali kukataa kuwafungisha wenzi wa jinsia moja kwa sababu ya dhamiri au imani. Kifungu hicho kilifutwa kwa marekebisho ya 2020.

3.0 Athari kwa Matumizi ya Kiswahili

Kiswahili humpa mwanamume kitenzi "kuoa" na mwanamke "kuolewa". Kuwauliza wanandoa wa jinsia moja nani kaoa na nani kaolewa ni kuwabebesha mgawanyo wa majukumu ambao sheria yao haikuuweka. Kauli ya kutendana, "kuoana", au kirai "kufunga ndoa", huondoa tatizo hilo. Katika fomu na hati, "mwenzi wa ndoa" hutosheleza. Katika mazungumzo, adabu ni kufuata neno analolitumia mhusika mwenyewe: mwanamke akisema "mke wangu", mkalimani hana mamlaka ya kulisahihisha kuwa "rafiki yangu". Kosa hilo si la lugha tu. Mwenzi wa ndoa hurithi marehemu asipoacha wosia. Rafiki hana haki hiyo.

4.0 Hitimisho

Imebainishwa kwamba, katika muktadha huu, adabu na sheria hukutana katika neno moja. Kulitaja kwa usahihi si kuunga mkono wala kupinga ndoa hiyo, bali ni kuwa mwaminifu kwa hati inayofasiriwa.