Mwalimu wa Mangapwani Aliyekuwa Rais

Wasikilizaji wetu, leo twapenda kueleza habari za mtu aliyepewa madaraka makuu pasipo kutazamiwa, naye ni Ali Hassan Mwinyi, Rais wa pili wa Tanzania.

Alizaliwa Kivure, Mkuranga, tarehe 8 Mei 1925, akaletwa Unguja angali mtoto, akasoma Mangapwani na Dole. Kisha akawa mwalimu pale pale Mangapwani, baadaye mwalimu mkuu. Hata chuo cha walimu cha Unguja alikiongoza. Kazi yake ilikuwa chaki na ubao, wala haikuonekana dalili ya ukubwa mwingine.

Alipokuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, watu waliokamatwa Mwanza na Shinyanga kwa shutuma za mauaji waliteswa, na baadhi yao wakafa. Mwinyi hakushika fimbo. Lakini polisi walikuwa chini ya wizara yake, na mwaka 1977 alijiuzulu. Kwa nini? Sisi wa Matemwe twalijua jambo hili kwa bahari yetu: chombo kikipanda mwamba, aulizwaye ni nahodha, ijapokuwa usukani ulishikwa na baharia.

Wengi walidhani safari yake imekwisha. Akapelekwa Misri kuwa balozi. Lakini Januari 1984, Aboud Jumbe alipojiuzulu, Mwinyi alishika urais wa Zanzibar. Na mwaka 1985, watu wakiwataja Salim Ahmed Salim na Rashidi Kawawa, chama kilimteua yeye kumrithi Julius Nyerere.

Alikuta maduka matupu, sabuni na nguo ni adimu. Akalegeza masharti ya biashara, ndipo watu wakamwita "Mzee Ruksa". Bidhaa zikarudi, lakini shilingi ilipungua thamani, na wakwepa kodi wakapata mwanya. Mwaka 1992 vyama vingi viliruhusiwa, na mwaka 1995, vipindi vyake viwili vilipokwisha, akaondoka kwa amani.

Alifariki tarehe 29 Februari 2024, akiwa na umri wa miaka 98, akazikwa Mangapwani.

Basi, enyi wanafunzi, wako wamkumbukao kwa bidhaa za madukani. Sisi walimu twakumbuka zaidi kujiuzulu kwake. Madaraka ni amana, na ajuaye kuyaweka chini kwa heshima ndiye afaaye kukabidhiwa tena.