Mbwa Anayegoma Kutembea Ana Jambo

Iwapo nyumbani kwako yupo mbwa, yamkini tukio hili si geni kwako. Kumepambazuka, umeshika kamba mkononi, watoto wanarukaruka kwa shauku ya matembezi; lakini mbwa anafika langoni na kuketi kitako. Unamvuta, anakaza miguu ya mbele. Unamfokea, anageuza uso pembeni. Unamburuta hatua tano, majirani wanacheka, na mwisho wa yote unarudi ndani ukinung'unika kwamba mbwa huyu siku hizi amekuwa mvivu.

Neno hilo "mvivu" huwaponza mbwa wengi, Musoma, Bunda, Butiama na kwingineko. Kwa ajili yake wapo wanaochapwa, wapo wanaonyimwa chakula, na wapo wanaofunguliwa mnyororo na kuachwa watokomee kusikojulikana. Lakini mbwa ni mnyama aliyeumbwa kwenda, na pua yake humwita njiani kila dakika. Mnyama wa namna hiyo akigoma kutoka, ana sababu. Kwa kuwa hana ulimi wa kuieleza, kazi ya kuitafuta ni yako wewe uliyemfuga. Nayo ni kazi yenye utaratibu wake, maana moja kati ya sababu hizo inaweza kumwua mtoto wako. Hiyo ndiyo tutakayoanza nayo.

KICHAA CHA KIMYA

Watu wengi wakitajiwa kichaa cha mbwa huona akilini mwao mbwa mkali anayetoka povu na kumrukia kila apitaye. Huyo yupo. Ila yupo na mwingine ambaye kichaa chake ni cha kimya: hujificha uvunguni au gizani, miguu ya nyuma hulegea, taya hudondoka, mate humtiririka, sauti hubadilika, na chakula humshinda kumeza. Mwenye mbwa hudhani kakwamwa na mfupa, naye kwa huruma hutia mkono kinywani ili amsaidie. Hapo ndipo msiba unapoanzia, kwani mate hayo ndiyo yenye virusi, na binadamu akishaanza kuonyesha dalili za ugonjwa huu ni nadra mno apone.

Kwa hiyo, mbwa aliyebadilika ghafla katika muda wa siku mbili tatu, hasa kama hana chanjo au alipata kuumwa na mbwa mwingine majuma au miezi iliyopita, usimvute kwa kamba wala usimpapase. Afungiwe peke yake, watoto wakae mbali, na bwana mifugo aarifiwe siku hiyo hiyo. Mtu aliyeng'atwa, au aliyelambwa penye kidonda, aoshe mahali hapo kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitali kuchanjwa bila kungoja kuona kama mbwa atakufa.

Mkoa wa Mara unayajua mambo haya kuliko mikoa mingi. Mwaka 1994 ugonjwa wa mbwa uitwao distempa uliingia katika Hifadhi ya Serengeti na kuua takriban theluthi moja ya simba wake. Wataalamu waliwanyooshea kidole mbwa wa vijiji vinavyoizunguka hifadhi. Miaka miwili baadaye, 1996, ilianza kazi ya kuwachanja mbwa wa vijiji vya Wilaya ya Serengeti dhidi ya kichaa. Baada ya duru ya kwanza ya chanjo, kichaa kwa mbwa wa eneo hilo kilipungua kwa asilimia 70. Baada ya duru ya pili, kwa asilimia 97. Idadi ya watu waliokwenda hospitali kwa kuumwa na mbwa waliodhaniwa kuwa na kichaa nayo ilishuka. Sindano moja tu kwa mwaka, msomaji! Mwenye mbwa asiyejua mara ya mwisho mbwa wake alichanjwa lini, asihangaike na habari nyingine za makala haya kabla ya kuulizia hiyo.

TAZAMA MIGUU KABLA YA KULAUMU MOYO

Tuseme basi mbwa wako amechanjwa, anakula, macho yana uhai, na ugomaji wake umekuja polepole. Keti naye chini mahali penye mwanga na uanze na nyayo. Tenganisha vidole kimoja kimoja. Nyumba yenye sakafu au ua wa vumbi huwa na funza, na funza hawabagui: humwingia mbwa katika vidole na katika nyama laini za wayo, kama wamwingiavyo mtoto anayetembea peku. Mbwa mwenye funza hukanyaga kama aliyekanyaga makaa. Asichokolewe kwa pini yenye kutu. Apelekwe kwa mtaalamu, na ua unyunyiziwe maji na kufagiwa, maana ukimtibu mbwa ukaacha vumbi umefanya kazi bure. Angalia pia kucha. Mbwa anayefungwa kutwa hazilikwaruzi jiwe wala lami, kwa hiyo kucha zake hurefuka na kujikunja mpaka zinachoma nyama.

Kisha mtafutie kupe, katikati ya vidole, ndani ya masikio na chini ya mkia. Kupe huambukiza magonjwa ya damu yanayomwachia mbwa homa, uchovu na maumivu ya viungo. Inua mdomo wake utazame ufizi. Ukiwa mweupe kama karatasi badala ya rangi ya waridi, damu imepungua, na hapo si suala la matembezi tena. Kwa wenzetu wanaoishi karibu na mapori ya hifadhi, ambako mbung'o wapo, kumbukeni kwamba ndorobo haiwaui ng'ombe peke yao. Mbwa aliyepata ndorobo hukonda na kuishiwa nguvu, na mara nyingi macho yake hufunikwa na ukungu wa buluu.

Ikiwa nyayo ni safi na damu iko vema, mtazame anavyoinuka asubuhi. Mbwa mwenye maradhi ya viungo huinuka kwa hatua, mbele kwanza, nyuma baadaye, na hatua zake za mwanzo ni za mzee aliyekaa barazani mchana kutwa. Akishatembea kidogo hulainika. Akipumzika hukakamaa tena. Huyu si mvivu hata kidogo. Anaumwa nyonga au magoti. Daktari wa mifugo anazo dawa za mbwa za maumivu hayo. Za kwako za kabatini ziache huko huko: ibuprofeni na diklofenaki, ambazo sisi twazimeza kwa chai, huweza kumtoboa mbwa tumbo na kuziharibu figo zake.

KITAMBI CHA MLINZI

Mbwa wa mjini, ajira yake ni ulinzi. Hufungwa alfajiri, hufunguliwa usiku, na kati ya saa hizo hana la kufanya ila kula. Baba akirudi kazini humtupia kipande cha ugali. Mama humpa ukoko wa sufuria. Watoto humpa walichoshindwa. Na jirani mwema hupitisha mapanki juu ya ukuta. Kila mmoja anaamini kwamba ni yeye peke yake aliyempa. Baada ya mwaka mlinzi ana kitambi cha kumstahili mwenyekiti wa bodi, na mwizi akija atabwekewa kutoka mahali pamoja.

Kumpima huhitaji mizani. Kunja ngumi, pitisha kidole juu ya vifundo vyake: mbavu za mbwa zikiwa hivyo, amekonda. Fungua kiganja upapase ile nyama iliyo chini ya kidole gumba: mbavu zikijificha namna hiyo, amenenepa kupita kiasi. Sasa nyoosha vidole upapase mgongo wa mkono wako. Mbavu zinazosikika hivyo, kwa kuguswa tu bila kubonyezwa, ndizo za mbwa mwenye afya.

Uzito si suala la sura. Huko Marekani, mbwa 48 wa aina ya Labrador walifuatiliwa tangu utotoni hadi kufa. Nusu yao walipewa chakula pungufu kwa robo kuliko wenzao. Hao waliopunjwa waliishi karibu miaka miwili zaidi, na maradhi ya viungo yaliwachelewa. Kwa hiyo kipande kile cha ugali kinachotupwa kwa upendo, kikizidi, humla mbwa magoti.

Dawa yake ni kopo moja na mtu mmoja. Chagueni kopo la kumpimia, mteueni wa kulisha, na wengine wote waweke mikono mifukoni. Punguza ugali kidogo kidogo kwa majuma, usimkatie ghafla. Nafasi iliyobaki ijaze mchicha au boga la kuchemsha lisilotiwa chumvi wala kitunguu, maana kitunguu ni sumu kwake. Dagaa ni chakula kizuri. Waoshe mchanga tu. Mapanki ya kukaangwa yana mafuta mengi na miiba ya kumkwama.

Matembezi nayo yaanze kwa unyenyekevu. Wana Mara wanajua kutembea: Oktoba 1967 Mwalimu Nyerere alitoka Butiama kwa miguu hadi Mwanza kuliunga mkono Azimio la Arusha. Mbwa wako hana azimio. Mpe dakika tano asubuhi na tano jioni, kila siku bila kukosa, na baada ya juma ongeza mbili. Matembezi ya saa nzima siku ya Jumapili, baada ya siku sita za mnyororo, yatamlaza Jumatatu na Jumanne. Toka kabla jua halijawa kali. Weka mgongo wa mkono wako juu ya lami. Ukishindwa kuuacha hapo kwa hesabu ya kumi, yeye naye hawezi kukanyaga. Na kamba yenyewe isiwe ule mnyororo wa kumfungia, kwani huo ameuzoea kuwa kifungo, na ukiushika anajua tu kwamba anakwenda kufungwa.

Vitabu vya Ulaya husifu kuogelea kwa mbwa wenye viungo vikavu. Shauri hilo waachiwe wenye mabwawa. Ziwa letu lina mamba, na viboko hutoka jioni kula majani. Msitembee ukingoni mwa maji jua likishaanza kuzama, wewe wala mbwa.

ANAPOMNGOJA ASIYERUDI

Limebaki lililo gumu. Chukua mfano wa nyumba ya mfanyakazi, Nyasho au Mwisenge au popote. Kila siku saa 11 jioni baba huingia kwa baiskeli, hupiga kengele mara moja, na mbwa humkimbilia. Siku moja baba hakuingia. Waliingia watu wengi badala yake, wakalia, wakakaa ukumbini siku kadhaa. Mbwa akafungwa nyuma ya jiko asiwasumbue, akalishwa na aliyekumbuka, au hakulishwa. Matanga yakaanuliwa, watu wakaondoka, nyumba ikanyamaza. Tangu hapo mbwa hulala langoni. Ukimwita matembezini hukutazama, kisha huitazama tena barabara.

Wapo watakaosema hayo ni hadithi, mnyama hana msiba. Sisi hatuwezi kuapa kwamba mbwa anajua kifo ni nini. Lakini mwaka 2022 watafiti wa Italia walichapisha majibu ya watu 426 waliopata kuwa na mbwa zaidi ya mmoja, kisha mmoja akafa. Asilimia 86 kati yao walieleza kwamba aliyebaki alibadilika: alicheza kidogo, alikula kidogo, alilala zaidi. Akimkosa mbwa mwenzake huwa hivyo, seuze akimkosa yule aliyemlisha kwa mkono wake?

Mbwa mashuhuri kuliko wote kwa jambo hili ni Hachiko wa Japani. Bwana wake, profesa wa chuo kikuu, alifariki ghafla Mei 1925. Mbwa akaendelea kwenda kwenye stesheni ya Shibuya mjini Tokyo mpaka alipokufa mwenyewe, Machi 1935. Wajapani walimtengenezea sanamu. Jambo lisilosemwa sana ni kwamba viungo vyake vilihifadhiwa, na uchunguzi uliotangazwa mwaka 2011 ulionyesha alikuwa na saratani katika moyo na mapafu. Mwenye huzuni naye huugua. Kwa hiyo hata kama una hakika mbwa wako anamlilia marehemu, mpitishe kwanza katika uchunguzi tulioueleza hapo juu. Na akikaa siku mbili bila kula chochote, mpeleke kwa daktari.

Akiwa mzima wa mwili, mrudishie saa zake. Alikuwa akilishwa saa ngapi, na wapi? Iwe vivyo hivyo, na mtu mmoja wa nyumbani achukue nafasi hiyo, mtoto mkubwa ikiwezekana. Shati la marehemu lisilooshwa, kabla nguo hazijagawanywa, mwachie alalie, harufu humtuliza. Msiharakishe kuleta mbwa mdogo ati wa kumchangamsha, maana anayeomboleza hapendi kung'atwa mkia. Na asichapwe kwa kulala langoni.

Kuhusu matembezi, jioni, saa ile ile ya kengele, nenda ukaketi naye hapo langoni. Usimwite wala usimvute. Baada ya siku kadhaa fungua lango, tembea hatua kumi, simama, mgeuzie mgongo. Siku moja atakufuata. Akifika kwenye kona akasimama na kutaka kurudi, rudini wote wawili. Kesho mtaanza kwenye kona hiyo.