Nywele za Mtoto Zisibanwe Mno

Jioni mama ameketi mkekani. Binti yake yuko katikati ya magoti, anasukwa. Mtoto analia. Mama anasema, "Tulia! Mbona wenzako hawalii?" Ndugu wasomaji, kilio hicho tukisikilize.

Mitindo ya watoto wa kike ni mingi. Ipo twende kilioni, yapo mabutu, na kuna kufunga mkia mmoja kisogoni. Yote inapendeza. Ubaya ni kubana mno. Kila unywele una shina ndani ya ngozi. Shina likivutwa siku zote hulegea, na unywele hung'oka. Likivutwa miaka mingi hufa. Hapo nywele hazioti tena, hata upake mafuta gani.

Dalili ni hizi: mtoto halali kwa maumivu, vipele hutoka kwenye paji la uso, na nywele za pembeni hupungua. Ukiziona, fumua mara moja. Ukiwahi, nywele huota tena.

Basi tufanyeje?

1. Lowesha nywele kidogo, paka mafuta, kisha chana kuanzia nchani. Tumia chanuo lenye meno yaliyoachana.

2. Funga mabutu kwa utepe wa kitambaa laini. Mpira wa baiskeli hukata nywele.

3. Wiki hii mkia mmoja, wiki ijayo mabutu mawili. Mahali pamoja pasivutwe kila siku.

4. Misuko ikifika wiki mbili, fumua na uoshe nywele.

Mtoto akisema, "Mama, inauma," tulegeze. Urembo wa leo usimletee upara kesho.