Nguo za Ndani: Tujifunze Nini kwa Wanawake wa Ufaransa?

Sisi wauguzi tunaona mambo ambayo wengine hawayaoni. Mama anakuja kliniki amevaa kitenge kilichoshonwa na fundi hodari, kilemba kimekaa sawasawa, viatu vinang'aa. Akiambiwa apande kitandani apimwe, anaanza kuomba radhi: "Nesi, unisamehe, nimetoka nyumbani haraka." Chini ya kitenge kile kuna sidiria iliyoshikwa na pini, lastiki imekwisha, kamba moja imeungwa kwa uzi mweusi. Mama huyu si fukara. Watoto wake wana sare mpya na mume ana shati la Jumapili. Ila katika hesabu ya nyumba, kinachogusa mwili wake mwenyewe kimewekwa mwisho, na huko mwisho fedha hazifiki.

Tukitajiwa nguo za ndani za Kifaransa, wengi wetu tunafikiria picha za mabango: wasichana wembamba, lesi nyekundu, mambo ambayo mama mwenye watoto wanne haoni yanamhusu vipi. Picha zile zinatupotosha. Katika desturi ya Ufaransa yenyewe lipo jambo la kawaida zaidi, nalo ndilo linalotufaa. Nguo ya ndani huchaguliwa kwa kupimwa, huvaliwa siku ya kazi sawa na siku ya sherehe, na wa kwanza kuifurahia ni yule aliyeivaa.

Ilianzia kwenye kitani

Neno la Kifaransa lingerie linatokana na lin, yaani kitani. Zamani lilihusu vitu vyote vya kitani vya nyumbani. Binti wa Kifaransa alipokaribia kuolewa aliandaliwa sanduku lenye mashuka, taulo, magauni ya kulalia na nguo za ndani, vyote vikiwa vimetariziwa herufi za jina lake, mara nyingi kwa uzi mwekundu. Kwetu pia bibi arusi hufungiwa mzigo wake. Tena bibi zetu wa pwani walijua siku nyingi kwamba pambo lisiloonekana na watu lina heshima yake: walivaa shanga kiunoni chini ya kanga, na nje hakuna aliyejua. Kwa hiyo anayesema kujipamba kwa ndani ni mambo ya Wazungu hajakaa na bibi yake akamsikiliza.

Sidiria nayo ina historia inayompendeza mfanyakazi wa afya. Wanawake wa Ulaya wa karne ya 19 walikuwa wakikazwa ndani ya koseti, vazi lenye fito za chuma au za mdomo wa nyangumi, lililobana mbavu na tumbo hata kupumua kukawa shida. Herminie Cadolle, Mfaransa aliyekuwa amefungua duka la nguo za ndani Buenos Aires, Argentina, alilikata vazi hilo vipande viwili. Cha chini kilishika kiuno, cha juu kilibeba matiti kwa kamba za mabegani. Alilionyesha vazi lake Paris katika maonyesho makubwa ya mwaka 1889, yale yale ambayo mnara wa Eiffel ulijengwa kwa ajili yake, na aliliita Bien-Être, maana yake kujisikia vizuri. Baadaye kipande cha juu kikauzwa peke yake, nacho ndicho sidiria tunayoijua. Vizazi kadhaa vya wanawake wa familia ya Cadolle vimeendeleza kazi hiyo Paris. Nalipenda jina lile la kwanza, kwa kuwa linataja faraja ya mvaaji, si macho ya mtazamaji.

Na lesi? Mashine ya kuifuma ilibuniwa na Mwingereza John Leavers huko Nottingham mwaka 1813. Waingereza walikataza mashine kama hizo zisitoke nchini mwao, lakini mafundi walizivusha bahari kwa magendo mpaka mji wa Calais, na tangu hapo Calais na Caudry zikawa miji ya lesi. Lesi nzuri ni laini. Ukiwa dukani isugue ndani ya kiwiko chako, palipo na ngozi nyororo. Ikikwaruza hapo, fikiria itakavyokufanya mchana kutwa kwenye jua na jasho.

Chukua futi ya fundi cherehani

Duka la nguo za ndani la Kifaransa lenye sifa lina chumba cha kujaribia na muuzaji mwenye futi shingoni. Mteja hupimwa, huletewa mbili tatu ajaribu, hugeuka, huinama, huinua mikono. Sisi tunanunua kwa macho, tena haraka, tukiogopa kaka muuzaji asitutanie mbele ya watu. Basi tujipime nyumbani.

Vua, simama mbele ya kioo. Pitisha futi chini kabisa ya matiti, iwe sawa mbele na nyuma, ikaze kiasi, toa pumzi, soma sentimeta. Kisha pima penye ujazo mkubwa wa matiti, bila kubana. Tuseme chini umepata 84 na juu 101. Cha chini kinakupa mkanda: kuanzia 83 hadi 87 ni mkanda wa 85. Tofauti ya vipimo viwili inakupa kikombe: karibu sentimeta 13 ni A, 15 ni B, 17 ni C, 19 ni D. Wewe mwenye tofauti ya 17 ni 85C.

Hapa ndipo wengi wanapopotea. Lebo moja huwa na namba tatu, kwa kuwa kila nchi ina hesabu yake. Mfaransa huongeza 15 juu ya kipimo cha mkanda, kwa hiyo 85 ya Mjerumani huandikwa 100 Ufaransa, Ubelgiji na Hispania, na Mwingereza anayehesabu kwa inchi huandika 38. Vivyo hivyo 75 ni 90 ya Ufaransa na 34 ya Uingereza. 80 ni 95 na 36. 90 ni 105 na 40. Mama anayeona FR 90 akadhani ni kubwa kupita kiasi, huenda ameiacha sidiria yake halali mezani.

Ukiisha kuivaa, jua kwamba mzigo hubebwa na mkanda, si kamba. Alama nyekundu za mabegani mara nyingi husema mkanda umelegea na kamba zimekazwa kufidia. Mkanda ukipanda mgongoni, ni mpana mno. Sidiria mpya ichague ile inayokukaa vizuri kwenye kulabu ya mwisho kabisa, iliyo legevu, kwa kuwa lastiki itanyooka kadiri siku zinavyokwenda, nawe utasogea ndani. Katikati kwenye waya palale juu ya mfupa wa kifua. Titi likimwagika juu au pembeni, kikombe ni kidogo. Ongeza herufi, usiongeze mkanda. Najua wengine wanaona haya kutaja D, kana kwamba herufi hiyo ni kosa la tabia. Ni sentimeta tu.

Mwili baada ya kuzaa

Jipime upya baada ya kila uzazi na ukiisha kumwachisha mtoto, maana mwili uliovaa 80B siku ya arusi si lazima uwe huo leo. Mama anayenyonyesha asivae sidiria inayobana wala waya unaochimba titi. Mbano unaweza kuchangia maziwa kuzuilika na titi kuvimba kwa uchungu. Avae ya pamba inayofunguka mbele. Na hii benki yetu ya kifuani, akina mama, tuifunge wakati wa kunyonyesha! Noti iliyopita mikononi mwa soko zima haina kazi karibu na chuchu itakayoingia kinywani mwa mtoto.

Kuna jambo moja la Ufaransa ambalo halipo kwenye mabango, nami naliona kubwa kuliko lesi zote. Mama aliyejifungua huko huandikiwa mazoezi ya kurudisha nguvu ya misuli ya chini ya nyonga, akielekezwa na mkunga au mtaalamu wa mazoezi ya viungo, na bima ya afya ya taifa huyalipia. Huku kwetu ni wangapi wanaovujisha mkojo wakikohoa au wakicheka, wakachagua chupi nyeusi tu na kanga mbili, wakanyamaza miaka? Mama wa hali hiyo hawezi kufurahia nguo yoyote ya ndani. Zoezi la kuanzia ni hili: kaza misuli kama unayezuia mkojo na upepo pamoja, hesabu hadi tano, legeza, rudia mara kumi, asubuhi, mchana na jioni. Usilifanye huku unakojoa. Ukiona miezi mitatu imepita bila nafuu, nenda hospitali useme waziwazi. Inatibika kwa wengi.

Kwa upande wa chupi, sehemu inayogusa uke iwe pamba hata kama kwingine ni lesi. Nailoni tupu hushika joto na unyevu, na fangasi hupenda hivyo hivyo. Wenye matiti makubwa wanaougua vipele chini yake wakati wa joto wakaushe vizuri baada ya kuoga kabla ya kuvaa.

Kufua nako kuna mambo. Kwa staha tunaanika chupi chini ya kanga nzito, au uvunguni, au nyuma ya mlango, zikakauka nusu na kunuka uvundo. Anika za pamba juani na upeponi. Ukitaka kuzifunika, tumia kitambaa chepesi. Kuna inzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi zilizo kivulini, na funza wake huingia ngozini, ndiyo maana bibi zetu walipiga pasi kila kitu. Sidiria ya lesi haistahimili pasi wala jua kali. Ifue kwa mkono na sabuni laini, usiikamue kwa kuisokota, itundike ndani ya nyumba dirishani penye upepo.

Fedha na maneno ya watu

Wafaransa nao hawanunui hovyo. Sheria yao imeweka misimu miwili ya punguzo la bei kwa mwaka, mmoja Januari na mwingine kuanzia mwishoni mwa Juni, wiki nne nne, na wengi husubiri hapo wanunue sidiria na chupi zinazofanana. Nasi tuweke kidogo kidogo. Seti mbili nzuri zina faida kuliko rundo la vitu vilivyolegea. Za mitumba sizishauri, na Tanzania, Shirika la Viwango (TBS) limezipiga marufuku.

Wengine wataogopeshwa kwamba sidiria, hasa yenye waya, huleta saratani. Watafiti wa Seattle, Marekani, walilichunguza jambo hilo kwa wanawake waliokoma hedhi na mwaka 2014 wakatoa jibu: hawakuona uhusiano wowote. Kinachofaa ni kujitazama kila unapovaa. Ukiona uvimbe, ngozi iliyoingia ndani, chuchu iliyogeuka ghafla au inayotoa damu, nenda kliniki wiki hiyo hiyo.

Na mume? Atafurahi, na ni haki yake. Lakini lesi haiponyi ndoa yenye matusi au ukimya wa miezi, wala mke hana deni la kushindana na msichana wa bangoni. Vaa ile iliyokukaa, hata siku ya kwenda sokoni.

Binti yako akianza kuota matiti, usimwachie sidiria yako ya zamani. Mpime kwa futi ile ile, mnunulie ya pamba isiyo na waya, na umpime tena kila baada ya miezi mitatu au minne, maana katika umri huo hubadilika upesi.