Kipokezi Kisichosubiri Homoni: Kwa Nini Saratani ya Tezi Dume Hurudi

Mgonjwa wa saratani ya tezi dume iliyosambaa huchomwa sindano za kuzuia homoni, au huondolewa korodani kwa upasuaji. Mara nyingi maumivu ya mifupa hupungua, kipimo cha PSA hushuka, na jamaa zake hupata faraja. Kisha, baada ya miezi au miaka, PSA huanza kupanda tena ilhali testosteroni katika damu ingali chini. Wapo wanaodhani kwamba dawa ilikuwa hafifu, wakaacha sindano. Kwa kawaida dawa haina kosa. Seli ndizo zilizobadilika.

Ndani ya seli za tezi dume mna protini iitwayo kipokezi cha androjeni. Bila homoni, kipokezi hiki hutulia nje ya kiini cha seli, kikiwa kimeshikwa na protini nyingine. Testosteroni ikiingia, sehemu yake kubwa hugeuzwa kuwa dihidrotestosteroni, ambayo hushikamana na kipokezi kwa nguvu zaidi. Hapo kipokezi hubadilika umbo, huungana na mwenzake, huingia katika kiini na kuziamsha jeni kadhaa: za ukuaji, na pia ile inayotengeneza PSA. Jambo hili la mwisho lafaa kukumbukwa, kwa kuwa PSA inayopanda hutuarifu kwamba kipokezi kimerudi kazini.

Charles Huggins na wenzake wa Chicago walionyesha mwaka 1941 kwamba kuondoa korodani hupunguza makali ya ugonjwa huu, naye akatunukiwa Nobel mwaka 1966. Kwa muda mrefu baadaye, ugonjwa uliorudi ulihesabiwa kuwa umejitenga kabisa na homoni. Jina hilo lilipotosha. Seli nyingi huwa bado zinakitegemea kipokezi kilekile, ila zimejifunza kukiendesha kwa njia nyingine.

Baadhi huongeza nakala za jeni ya kipokezi, hata homoni chache mno zikatosha. Na homoni hizo chache hazikosekani: tezi zilizo juu ya figo hutoa malighafi yake, na uvimbe wenyewe waweza kujitengenezea. Ndiyo maana abirateroni, inayofunga njia ya utengenezaji huo, huwasaidia wagonjwa ambao korodani zao zilikwisha kuondolewa.

Njia ya pili ni ya ajabu zaidi. Badiliko dogo la jeni hulegeza kipokezi, mfano wa kufuli bovu linalofunguliwa na ufunguo wowote. Flutamidi, dawa iliyokusudiwa kukizuia, huanza kukiamsha. Kwa baadhi ya wagonjwa, kuacha kidonge hicho tu hushusha PSA. Lakini uamuzi huo ni wa daktari, na sindano huendelea.

Tena kuna kipokezi kifupi kiitwacho AR-V7. Hiki hakina kabisa sehemu inayoshika homoni, nacho huwa macho wakati wote. Enzalutamidi hushika sehemu hiyohiyo iliyokosekana, kwa hiyo haipati pa kushika. Dosetakseli, dawa ya kemotherapi, bado yaweza kufanya kazi.

Kwa mhudumu wa afya, PSA ikipanda, hatua ya kwanza ni kupima testosteroni. Ikizidi nanogramu 50 kwa desilita, auliziwe mgonjwa tarehe za sindano, bila kumlaumu: nauli na bei ya dawa huweza kumchelewesha mtu yeyote. Ikiwa iko chini ya hapo, sindano zisiachwe, maana kuirudisha homoni ni kukilisha kipokezi kilichozidi uwezo wa kuipokea.

Wachache hufika mahali ambapo seli hukiacha kipokezi kabisa. Kwao PSA hubaki chini huku ugonjwa ukienea kwenye ini au mifupa. Hivyo mgonjwa anayedhoofika achunguzwe hata kama karatasi ya maabara yaonyesha namba nzuri.