Chungu Ainuaye Mkia

Leo twawachukua hadi Kanja, upande wa Embu, katika miteremko ya Mlima Kenya. Huko tulimkuta mzee mmoja mkulima chini ya mringaringa wake, kiberiti mkononi. Juu matawini palikuwa na kitu cheusi, mfano wa kichuguu kilichopanda mti. Wachumaji wake wa kahawa walikuwa wameumwa, naye alikusudia kukichoma, hata mti ukiungua. Tulimwambia, "Mzee, ngoja kwanza tumtambue mwenye nyumba."

Mfalme Sulemani alimshauri mvivu aende akajifunze kwa chungu. Hakusema aende na kiberiti!

Basi tukatazama. Hawa si siafu, maana siafu hawajengi mitini. Wala si maji moto wa pwani, ambaye hushona majani mabichi kwa nyuzi za hariri zitokazo kwa watoto wake. Kiota hiki kilikuwa cha nyuzi za miti zilizotafunwa zikagandamizwa, kigumu kama karatasi nene, chenye vyumba vingi ndani. Tulipogusa tawi, wakatoka chungu wadogo, kila mmoja akiinua tumbo lake lenye umbo la moyo juu ya mgongo, hata ncha ikaelekea kichwani. Hiyo ndiyo alama yake. Aweza kufanya hivyo kwa kuwa kiuno chake kimeungwa upande wa juu wa tumbo. Wataalamu humwita Crematogaster. Duniani kuna aina zaidi ya 700 za jamii hiyo, na kuzitenganisha huhitaji hadubini.

Je, ni rafiki au adui? Mzee alikuwa na haki ya kulalamika. Chungu hawa huchunga wadudu wafyonzao utomvu wa mimea, kama sisi tuchungavyo ng'ombe, ili wapate maji yao matamu. Na kahawa huumia. Lakini pia huwinda wadudu wengine waharibifu.

Tena sikilizeni habari ya ndugu zao wa Laikipia, ng'ambo ya mlima. Huko hukaa ndani ya vinundu vya miiba ya migunga, na tembo akija kula, humwuma ndani ya mkonga hata akaacha mti. Miaka ya 2000 ulipoanza, akaingia chungu mgeni mwenye kichwa kikubwa, akawaua. Tembo wakaivunja migunga isiyo na walinzi. Simba wakakosa pa kujificha wakiwavizia punda milia. Utafiti uliotolewa mwaka 2024 waonyesha kwamba mwaka 2003 punda milia walikuwa asilimia 67 ya mawindo ya simba. Kufikia 2020 walikuwa asilimia 42. Simba wakageukia nyati, mnyama wa hatari zaidi. Yote hayo kwa sababu ya chungu!

Mzee wetu alinyamaza kidogo. Kisha akaleta panga, akakata matawi ya mringaringa yaliyogusa mibuni, ili daraja la chungu livunjike. Kiberiti kikarudi mfukoni, na mti ungalipo.

Nasi twajiuliza: ni mara ngapi tumewasha moto kabla ya kuuliza tunachoma nini? Tuwe wepesi wa kutazama, wazito wa kuharibu. Kwaherini.